Kosa Nililoandika Juu ya Mwalimu Changawa

Mheshimiwa Chifu, Mwalimu Mkuu, wazee wetu wa Garsen, wazazi na wanafunzi, hamjambo.

Nimeitwa kumsifu Mwalimu Enos Changawa siku anayostaafu. Nanyi wazazi, hotuba zikiisha, mtapiga kura kama klabu ya elimu ya anga aliyoianzisha iendelee au ifungwe. Wanaotaka ifungwe wamekuja na kipande cha gazeti. Habari ile niliiandika mimi miaka tisa iliyopita, na ina kosa.

Niliandika kwamba Mwalimu anawafundisha watoto kuwa nyota ndizo zilizomuumba mwanadamu. Hakufundisha hivyo. Nilichukua sentensi moja ubaoni, nikaziacha tatu zilizoitangulia.

Wiki hiyohiyo Mzee Mahadi, aliyeketi pale mbele, alimtoa bintiye Kadra shuleni. Mwalimu hakuja kunigombeza. Alikwenda kwa Mzee, nami nikamfuata nikitafuta habari nyingine.

“Kama baba yake ni nyota,” Mzee alimwambia, “basi nyota ije imwozeshe!”

Mwalimu alicheka, akamwonyesha mahame ya boma lake la ng’ombe, ambapo jirani Mpokomo alikuwa amepanda mahindi.

“Ng’ombe wako walihama hapa lini, Mzee?”

“Mwaka juzi.”

“Na waliacha nini?”

“Samadi. Huoni mahindi yalivyonenepa?”

“Kwa hiyo ng’ombe ndiye aliyeyaumba?”

“Mwalimu, una wazimu?”

“Basi nami sikusema zaidi ya hapo.”

Ndugu zangu, alichosema ndicho wanachoeleza wanasayansi. Nyota za kwanza zilikuwa kubwa mno, karibu zote haidrojeni na heliamu, na hazikudumu. Zilipolipuka zilitawanya gesi iliyozizunguka, zikaacha humo kaboni, oksijeni na chuma, vitu vilivyomo hata katika miili yetu. Gesi hiyo ilipokusanyika tena ilipoa kwa wepesi zaidi, nyota ndogo zikaweza kuzaliwa, na galaksi zilizofuata zikakua kwa mabaki ya zile zilizotangulia. Aliyeziumba nyota za kwanza ni nani? Mwalimu alimjibu Mzee kwamba hilo akawaulize mashekhe.

Jumatatu Kadra alirudi darasani. Gazeti halikuchapisha sahihisho, kwa sababu sikuliandika. Niliona wawili wale wamepatana, nikadhani yamekwisha. Je, yalikwisha? Tazameni mlicho nacho mikononi.

Mwalimu, nakuomba radhi mbele ya watu hawa. Sahihisho nimeliandika leo asubuhi, lina jina langu, na Mwalimu Mkuu atalisoma kabla hamjapiga kura.

Asanteni kwa kunisikiliza, hata mliokuja kumsikia Mwalimu akisifiwa tu.