Benchi la Papa Évariste

Mlangoni pa Papa Évariste, huku Kadutu, ndipo Feruzi anapotua birika lake la kahawa ya tangawizi kila asubuhi, na ndipo wazee wa mtaa wanapoketi kuinyoosha dunia. Benchi lao ni mbao mbili zilizolazwa juu ya rundo la mawe. Mawe hayo Évariste aliyanunua kiangazi, ajenge ukuta wa kushika udongo nyuma ya nyumba, maana kiwanja chake kimekaa mteremkoni, na chini yake anaishi Maman Adélaïde na wajukuu. Sasa mvua zimeanza. Usiku wa jana udongo ulishuka hadi mlangoni pa jiko la Adélaïde, na Évariste hakupata lepe la usingizi.

— Nimeita masoni mwingine, fundi wa mawe, — alisema. — Akonkwa, wa Katana. Iko njiani.

Guylain akatua kikombe. Wanamwita Ingénieur, kwa kuwa zamani aliwashikia wapima barabara fimbo yao.

— Wa Katana? Hapana, Papa. Kule kwabo iko tambarare mupaka ku maji ya lac. Mutu mwenye hajateleza hata siku moja, atajua namna gani udongo inateleza?

— Na ule wa Kamituga, mulimukatalia nini? — aliuliza Évariste.

— Ule ni muchimba zahabu, kama bote ba kule, — alidakia Yunus. Huyu ndiye Avocat, hajashindwa kesi kwa sababu hajafika mahakamani. — Angefungua fondation, aone kitu inang'aa, basi, anaendelea kuchimba. Ungeamuka kitanda yako iko mu shimo, na bandugu yake bote banaosha muchanga mu salon yako.

Évariste akacheka. Huo ndio ubaya wa kijiwe hiki: unacheka, na siku imekwenda.

— Lakini ufa iko kule nyuma ya nyumba, bandugu. Asubuhi nimeingiza mukono, imeingia yote.

— Bazee balisema, usipoziba ufa utajenga ukuta, — alisema Yunus. — Si unatafuta ukuta? Basi ufa usiiguse.

Feruzi alitikisa kichwa, lakini akamwongezea Yunus kahawa.

— Mi naona mbali zaidi, — alisema Guylain. — Tuseme udongo ishuke yote. Parcelle, kiwanja yote, inashuka na nyumba yake. Siku moja Papa Évariste anafungua dirisha, yuko pembeni ya lac, jirani na batajiri. Mukuta ni ya kumuzuia mutu kuendelea.

— Na Maman Adélaïde mwenye iko chini? — aliuliza Évariste.

— Ule atatutangulia kufika.

Safari hii Évariste hakucheka. Alfajiri alimkuta mama yule akiondoa tope kwa jembe, na mama hakulalamika. Alisema tu, "Bonjour, Papa," akaendelea na kazi. Salamu ile ilimuuma kuliko matusi.

Mara Akonkwa akatokea nyuma ya nyumba, viatu vimejaa matope.

— Jambo, bapapa. Nimepitia kwa ule maman wa chini, kazi nimeiona. Naweza anza leo leo, mbele ya mvua kurudi. Uliniambia mawe ulishanunua. Iko wapi?

Guylain akachungulia ndani ya kikombe chake. Yunus akashikwa na kikohozi. Feruzi ndiye aliyetazama chini ya mbao, kisha akatazama pembeni.

Évariste aliona haya. Kila fundi aliyemwita, kijiwe kilimtoa kasoro, na yeye mwenyewe alikaa hapohapo akicheka. Kwamba analipenda benchi hili alijua siku zote. Hakujua kwamba amelipenda kuliko usingizi wa jirani yake.

Akasimama, akamrudishia Feruzi kikombe.

— Simameni, bandugu.

Wakasimama, mmoja mmoja, Yunus wa mwisho.

— Na kesho, Papa? Tutaikala wapi?

Évariste alikwisha kuinama, ameshika ncha ya ubao.

— Juu ya mukuta, — alisema. — Shika kule upande, Avocat.