Terence Akehurst na Ukuta wa Mbele wa Namba Kumi na Saba

Ijumaa hii, tarehe 28 Machi 2025, Terence Akehurst anastaafu baada ya kuitunza nyumba yetu ya ghorofa, Namba Kumi na Saba, Uwanja wa Belmore, kwa miaka arobaini na minne. Mkurugenzi, Bi. Garraway, ameniomba niandike mimi kwenye jarida hili kwa sababu nilikuwa msafishaji hapa kabla Terence hajaja, na kwa sababu ndiye mwanangu wa kumzaa. Shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na mitano, kwa hiyo msinitafutie makosa. Lakini kama kwenye pwani yote ya Sussex kuna fundi wa kumshinda huyu, mleteni nimwone.

Aliingia akiwa seremala wa miaka ishirini na miwili. Mwaka haujaisha, madirisha yote thelathini na moja, yale ya kupandishwa kwa kamba, yalikuwa yanapanda kwa kidole kimoja. Wageni husifu roshani ya chuma, na zile ngazi za mawe zilizochomekwa ukutani upande mmoja tu, bila nguzo. Terence alikuwa akiwaambia, "Msidanganyike, jamani. Nyumba hii mbele imevaa suti, nyuma imevaa kaptula." Ni kweli. Chini ya lipu ile nyororo kuna mawe, vipande vya matofali na chaki, vyote vimemwagwa kwenye chokaa vikaachwa vigande. Waliojenga walikuwa na haraka ya kuwapangisha matajiri waliokuja kuoga baharini.

Haraka hiyo haijatuacha. Mnajua sheria ya Uwanja: kila mwaka wa tano, kabla Juni haijaisha, nyumba zote zinazouzunguka zinapakwa rangi ileile ya malai. Mwaka 1983 mvua ilinyesha miezi mitatu. Lipu yetu ya mbele ilikuwa imebanduka, na chokaa mpya ilikataa kukauka. Majirani wote walishapaka, sisi tuna mabaka kama mbwa mgonjwa. Terence akaziba kwa saruji. Rangi ikapakwa kwa wakati, akasifiwa na Uwanja mzima.

Ukuta wa chokaa, maji yakiingia, hutoka. Saruji iliyafungia ndani. Kufika 2004 ukuta wa mbele ulikuwa umetoa tumbo, nene kama ngumi. Mhandisi akasema ubomolewe wote, toka roshani hadi paa, ujengwe mwingine wa zege. Kamati ya nyumba ilikuwa karibu kutia saini Terence aliposimama.

"Saruji ile niliweka mimi."

Mwenyekiti wa wakati ule, Bwana Loxley, aliweka kikombe chini. "Wewe, Akehurst? Wewe unayetufokea tukipigilia msumari mmoja?"

"Mimi. Nipeni nafasi niitoe. Ukuta ukikauka utasimama. Usiposimama, nifukuzeni mimi, halafu mbomoe."

Walimpa miaka mitatu. Aliitoa kwa tindo na nyundo ndogo, kipande kwa kipande, maana mashine ingeuangusha ukuta wote. Siku moja nilimpelekea mkate na jibini, nikamkuta amekaa kwenye jukwaa, mkono umeshindwa kuinua kikombe.

"Terry, shuka."

"Nikishuka, mama, sipandi tena."

Zikafuata tabaka tatu za chokaa, kila moja chini ya magunia mabichi, na kungoja, na kungoja. Tumbo halikurudi, mwenye jicho analiona hadi leo. Ila halijaongezeka hata kwa unywele. Juni 2008 tulipaka rangi pamoja na wenzetu.

Kuna jambo ambalo kumbukumbu za kamati hazina. Mwaka ule wa 1983 Terence alitaka kusubiri. Ni mimi niliyemwambia, ndoo mkononi, "Weka saruji, mwanangu, wasije wakasema mtoto wa Doreen hawezi kazi." Nilitaka Uwanja umwone. Na siku aliposimama mbele ya kamati nilikuwa mlangoni na trei ya chai. Sikufungua mdomo, naye hakugeuka kunitazama. Jioni nilimuuliza kwa nini hakunitaja. Alikuwa anavua viatu.

"Mwiko wa saruji ulikuwa mkononi mwa nani, mama?"

Basi naandika hapa, kwenye jarida lenu, wote msome: mwiko ulikuwa wake, haraka ilikuwa yangu.

Sasa bega lake la kulia haliinuki kupita sikio, na ngazi tisini na mbili za nyumba hii anazipanda kwa kupumzika mara mbili. Amechoka, tusidanganyane. Zamu ya rangi ya 2028 itakuwa ya mwingine. Wewe utakayeshika mwiko, mvua ikinyesha, subiri, hata mama yako akisema nini.

Asante, Terry, kwa nyumba iliyosimama. Kwangu hakuna ngazi hata moja, na kiti chako kiko dirishani. Wote wa Namba Kumi na Saba tunakuombea siku njema, ndefu, zenye usingizi wa kutosha. Njoo polepole. Safari hii sikuharakishi.

Doreen Akehurst