Kiti cha Hobart Ziwani

HOBART: Haloo? Nani tena ananipigia jioni hii?

DELPHIA: Shikamoo, kaka. Ni Delphia.

HOBART: Marahaba. Sema haraka.

DELPHIA: Niko bustanini, hapa ziwani. Mwanao anapanda jukwaani sasa hivi, na kiti chako—

HOBART: Sina kiti huko.

DELPHIA: Unacho. Wade mwenyewe kakileta alfajiri, kakiweka mstari wa mbele, katikati kabisa. Watu wamejaa mpaka kwenye maji, na hakuna aliyekikalia.

HOBART: Hawathubutu. Kiti kikishawekwa hapo kimewekwa. Hilo tu ndilo la heshima lililobaki kwenye hayo matamasha yenu.

DELPHIA: Basi njoo ukae. Mimi niko hapa kando yake.

HOBART: Nije kuona nini? Wazee wanaosinzia na hindi la kuchoma mkononi? Wageni wa mjini, miguu peku, wanapiga makofi nje ya mdundo? Na hiyo bendi ya Wade, eti blugrasi, muziki wa milimani, halafu nyuma kuna ngoma kama wanafukuza nguruwe shambani.

DELPHIA: Ngoma imetolewa.

HOBART: Imetolewa na nani?

DELPHIA: Wade. Kawaambia wenzake, baba hapendi.

HOBART: Ajabu. Leo ndiyo kajua ana baba.

DELPHIA: Ni mara yake ya kwanza kuongoza bendi, Hobart. Na tangu Pasaka mnalala nyumba moja hamsemeshani. Wewe huoni—

HOBART: Nilimwambia ukweli. Banjo yake ina ngozi ya plastiki, inalia kama sufuria. Sufuria ni sufuria, hata ukiivalisha tai.

DELPHIA: Ulimwambia mbele ya bendi nzima.

HOBART: Kwani ulitaka nimnong'oneze?

DELPHIA: Haya, yaishe. Wanaanza. Nainua simu usikie.

HOBART: Sijakuomba. Sitaki kusi— (mtandao unakwaruza) Delphia. We Delphia. Hiyo anayopiga ni banjo gani?

DELPHIA: Yako. Ile ya babu, ya ngozi ya ndama.

HOBART: Kando ya maji? Na jua linazama? Mpumbavu huyo! Unyevu wa ziwa ukiigusa ile ngozi, inalegea kama mkate uliomwagiwa supu. Babu hakuitoa hata barazani jioni. Kila mpiga banjo wa milima hii anajua.

DELPHIA: Hata yeye anajua. Lakini yake uliiita sufuria, ndiyo maana kachukua ile unayoiheshimu. Alitaka uje umsikie nayo.

HOBART: Mimi sikumwambia achukue.

DELPHIA: Hukumwambia, hapana. Kaka, sauti imeshaporomoka. Wameacha kupiga. Anakaza ngozi, haishiki. Huko nyuma yangu watu wameanza kucheka.

HOBART: Wacheke nini? Wao wanajua nini, na hayo mahindi yao mdomoni? Mwambie asikaze, ataipasua.

DELPHIA: Nitamwambiaje, nipande jukwaani? Kasimama tu. Anakitazama kile kiti.

(Mlango wa gari unabamizwa.)

DELPHIA: Mlango huo wa wapi? Kaka? Mbona vicheko hivi navisikia na kwako pia?

HOBART: Mpigie kelele mwenye fidla. Ajaze pengo kwa wimbo mmoja, wowote, mradi wanyamaze.

DELPHIA: Uko wapi wewe?

HOBART: Nyuma ya kibanda cha mahindi. Na usianze maneno. Nimekuja kuchukua mali yangu, basi. Katungua banjo ukutani kwangu bila kuomba.

DELPHIA: Umekuwa hapo tangu saa ngapi?

HOBART: Simu yako inakwaruza, sikusikii. Pisha mguu, mama. Na wewe, kunja blanketi lako, hapa si chumbani kwenu.

DELPHIA: Nakuona sasa. Polepole, utawakanyaga watoto wa watu. Kaka, Wade naye amekuona.

HOBART: Si ana macho.

DELPHIA: Na hicho ulichobeba ni nini?

HOBART: Aliiacha kitandani asubuhi. Nikaitupia kwenye gari, basi.

DELPHIA: Aliacha nini?

HOBART: Sufuria. Haya, kata simu, na uutoe huo mkoba wako kwenye kiti changu.