Mama Bado Anaondoka kwa Kanuni Aliyotufundisha Kuitafuta

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika Maktaba ya Sheria na Nyaraka za Serikali, Mkuu wa Kitengo cha Utafiti na Mafunzo, ambaye sote tunamwita Mama Bado, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30. Sentensi hiyo nimeiandika na kuifuta kutwa nzima, na hata sasa naitazama kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake. Toleo hili la jarida lilikuwa na ukurasa mwingine kabisa, tena wenye picha, wa kumpongeza kwa kuongezewa miaka miwili. Ukurasa ule umekwenda kwenye kapu la taka, na mimi, kama wengi wenu, bado nimeduwaa.

Wageni kazini huuliza jina hilo la utani lilitoka wapi. Alipoajiriwa, maktaba yetu ilikuwa chumba kimoja chenye feni mbovu, na wakili aliyekuja kutafuta sheria alionyeshwa rafu kisha akaachiwa Mungu. Mwaka wake wa kwanza, Mama Bado alimpa wakili mmoja kanuni ya upangaji wa vibanda vya soko. Kanuni ilikuwa imefutwa tangu mwaka uliotangulia na hakuna aliyejua. Mteja wa wakili yule, mshona nguo mwenye cherehani moja, akapoteza kesi na kibanda. Mama Bado alimtafuta yule mama mpaka akampata, akakaa kwenye kigoda chake na kumwambia kosa ni lake. Tangu siku hiyo hajamkabidhi mtu kitabu bila kuuliza, "Bado iko hai?"

Swali hilo ndilo lililozaa mafunzo ambayo leo idara nyingine zinatuonea wivu. Maofisa wa serikali, mawakili, makarani wa mahakama na waandishi wa habari wamekalia viti vyetu vya plastiki ili wajifunze kutafuta sheria kama watu wazima. Anza na chanzo. Tazama tarehe. Fuata marekebisho. Kisha uliza mahakama imesemaje. Ukiisikia hivyo ni rahisi, lakini nimewaona watu wenye shahada mbili wakitoka jasho kwenye hatua ya pili.

Kwake sheria ni ukoo. Ipo sheria mama, zipo kanuni ambazo ni watoto wake, na marekebisho aliyaita wakwe, maana huingia kwenye nyumba ya watu na kupanga vyombo upya. Kifungu kilichofutwa ni marehemu. Ofisa akijenga hoja yake juu ya kifungu cha namna hiyo, Mama Bado alimshika mkono kwa huzuni na kumwambia, "Pole kwa msiba." Darasa zima lilicheka, na aliyepewa pole hakurudia kosa hilo maishani. Kuhusu simu pia alikuwa na lake la kusema: ina maneno mengi kama jirani, msikilize, lakini usiende naye mahakamani.

Hapa sina budi kumtaja ofisa wa ardhi tunayemwita Bwana Nimeona, ingawa moyo unanikataza. Ni mtu mkubwa wa mwili, mpole wa sauti, na mkuu wake alimleta kwenye mafunzo mara tatu kwa kuwa zile mbili za kwanza hazikushika. Ukimuuliza amepata wapi jibu lake, husema ameona mahali. Mahali hapo ni simuni, mstari wa kwanza unaojitokeza. Mama Bado alimwambia kuwa hata majini yameonwa mahali. Yeye akatabasamu na kurudi kwenye simu yake. Sote tulikuwa tumeshamkatia tamaa, isipokuwa mwalimu wake.

Sasa nifike palipouma. Mama Bado hakutaka kuondoka. Naliandika wazi kwa sababu yeye mwenyewe halifichi. Alikuwa katikati ya kazi aliyoiita ukoo wa ardhi: kuziunganisha kwenye kompyuta sheria zote za ardhi na kanuni zake, walio hai na marehemu, ili mwananchi aliye kijijini asipoteze shamba kwa sababu ya karatasi iliyokufa. Hatujampata wa kumrithi. Kanuni za utumishi zilikuwa na kifungu kinachoruhusu mwenye ujuzi adimu kuongezewa muda baada ya umri wa kustaafu, na Mkurugenzi alikuwa ameshatia saini ombi hilo. Mume wake, mwalimu mstaafu, alikuwa amekubali kwa manung'uniko. Alisema amemngojea mezani miaka yote hiyo chakula kikipoa, na miwili zaidi haitamuua. Binti yao naye alikuwa ameahirisha kumleta mjukuu akae kwa bibi.

Basi katika darasa la mwisho la muhula, kwa furaha aliyokuwa nayo, Mama Bado akatoa zoezi la kumaliza mafunzo: mtumishi mwenye ujuzi adimu amefikia umri wa kustaafu; je, anaweza kuongezewa muda? Onyesha chanzo. Kila mtu alijua mtumishi huyo ni nani. Mimi nilikuwa nyuma ya chumba na Mkurugenzi, tumeshaagiza keki.

Vikundi vilisimama kimoja baada ya kingine vikasema anaweza, vikataja kifungu, vikapigiwa makofi. Bwana Nimeona hakuwemo chumbani. Mtandao ulikuwa mzito, kila mtu kaukalia, na simu yake ikawa inazungukazunguka bila kufungua kitu. Akakumbuka, nadhani kwa mara ya kwanza, kwamba kuna ngazi ya kushukia kwenye rafu za chini. Huko, juu ya meza ya Mama Bado mwenyewe, kulikuwa na bunda la magazeti ya serikali ya miezi ya karibuni, yale yanayotangaza sheria mpya, limefungwa kamba, halijaingizwa kwenye kompyuta. Kazi ya kuyaingiza ni ya Mama Bado. Alikuwa ameiweka kando kwa ajili ya kutufundisha sisi. Mganga hajigangi.

Alirudi akasimama mlangoni na gazeti mkononi, akaomba kusema naye pembeni. Mama Bado akakataa. Hapa hakuna pembeni, akamwambia, soma kama wenzako. Yule bwana akatutazama sote, akasoma. Kifungu cha ujuzi adimu kimefutwa. Kuongezewa muda kumebaki kwa madaktari na wahadhiri peke yao, na marekebisho yameanza kutumika tangu mwanzo wa mwaka.

Mkurugenzi aliketi bila kuangalia kama kuna kiti. Mama mmoja wa mahakamani alijifunika mdomo kwa mkono. Mimi hasira ikanipanda, tena si kwa serikali, ni kwa Bwana Nimeona. Miaka yote hii hajapata kusoma chanzo, na siku anayoamua kusoma ndiyo siku ile.

Mama Bado aliomba miwani yake. Alilisoma gazeti mwenyewe, ukurasa wote, akatazama tarehe, akaliweka chini taratibu. Uso wake ulikuwa umepauka. Sitaupamba uongo kwamba hakutikisika. Halafu akatuuliza sauti ikiwa chini kuliko kawaida, "Hatua inayofuata ni ipi?" Akajibu Bwana Nimeona, akiwa amesimama palepale: tuangalie kama haya marekebisho yenyewe bado yako hai.

Ndugu zangu, mafunzo yetu yamesifiwa sana, lakini sijaona watu wakitafuta sheria kama walivyotafuta mchana ule. Tulishuka ngazi kwa kusukumana. Mawakili waliovaa suti walipiga magoti sakafuni kwenye vumbi. Mkurugenzi alipekua majedwali ambayo hajayagusa tangu apewe cheo. Wengine walitafuta hukumu, kama kuna mahakama iliyoyasimamisha. Wengine tangazo la kusahihisha, wengine waraka wowote wenye neno la huruma. Kila mmoja alitafuta akiomba marekebisho yale yawe marehemu. Yalikuwa hai, na afya yake nzuri. Tulipanda ngazi mmojammoja, na Mama Bado alilisoma kila jibu usoni mwa mtu kabla hajalisema.

Keki ilifika wakati huo. Niacheni hapo.

Jioni Mkurugenzi alimwita ofisini na kumwambia, kwa nia njema kabisa, kwamba ombi limeshatumwa, na huko linakokwenda huenda hata wao hawajaliona gazeti hilo. Liachwe liende. Nilikuwepo, na nakiri nilitikisa kichwa kukubali kwa nguvu zote. Mama Bado alimtazama kama anavyomtazama mwanafunzi anayekaribia kujibu vibaya. "Nikae kwenye kiti hiki kwa ruhusa ya marehemu?" akauliza. "Na yule mshona nguo nimwambie nini?" Akaiandika barua ya kuliondoa ombi palepale, na chanzo akakitaja kikamilifu, mpaka namba ya ukurasa. Naye Bwana Nimeona, Mama Bado alimpa alama zote za zoezi, bila kumpunguzia hata moja kwa kuchelewa darasani.

Kilichofuata mmekiona wenyewe. Kila saa ya chakula cha mchana, yule bwana huja na mkate wake, wakakaa wawili mbele ya kompyuta, mama akisoma na yeye akiingiza ukoo wa ardhi, kaburi kwa kaburi, mtoto kwa mtoto. Ameomba uhamisho kuja kwetu na umekubaliwa. Kazi haitakwisha Ijumaa, lakini haitalala. Nimeanza kumsalimia. Kumsamehe ni jambo jingine, nipeni muda.

Kwa niaba ya idara, tunakushukuru, Mama. Umetufundisha kuutafuta ukweli hata pale tulipoomba kwa moyo wote tusiukute. Mzee wako tunamwambia atenge meza, safari hii utafika chakula kikiwa cha moto. Na mjukuu aletwe, bibi yupo nyumbani. Uende na afya, na amani, na usingizi wa mtu asiyedaiwa neno na yeyote.

Asubuhi hii, kabla ya kuukabidhi ukurasa huu kwa mpiga chapa, nimeshuka tena kwenye rafu za chini na kufungua gazeti jipya la serikali, nikalipitia mstari kwa mstari nikitafuta kifungu kimoja tu cha kuyafuta marekebisho yale. Naona sikuwa peke yangu, maana kamba yake ilikuwa imeshafunguliwa, na Bwana Nimeona alikuwa ameketi pale bila simu, kichwa kimeinama. Alitikisa kichwa tu: hakuna.

Bado iko hai. Kwaheri, Mama.