Pilipili Juu ya Kiti cha Kinyozi

Pale kona, kati ya duka la kinyozi na kibanda cha fundi viatu, kuna benchi lenye mguu mmoja uliofungwa mpira wa baiskeli. Kesi zote za mtaa husikilizwa hapo, birika la kahawa likiwa katikati. Siku hiyo kesi ilikuwa ya pilipili. Mama mwenye mkahawa wa ng'ambo ya barabara alikuwa akitafuta unga wa pilipili wa kuweka mezani kwa wateja, akaletewa makopo mawili: moja la mama yake Hoja, jingine la shemeji yake Spana. "Watu wa benchi waonje," alisema. "Ule watakaosema ni mkali kuliko mwingine, ndio nitakaouchukua." Basi Hoja, binti wa chuo aliyepewa jina hilo kwa kubishana, alifika kijiweni roho juu. Mama yake alikuwa ametwanga mpaka viganja vikamwaka. Mkahawa ukimponyoka, gunia zima litabaki chumbani kwao, walale wakipiga chafya.

Hoja aliwajua majaji wake: wangempendelea shemeji wa mwenzao Spana. Akakivuta nje kiti cha kinyozi, kile cha kuzunguka, akaweka juu yake visahani viwili vya unga mwekundu, huwezi kuvitofautisha.

— Sisemi kipi ni cha nani. Onjeni kwa haki.

Moyoni alijua: cha mama kinaelekea mlango wa kinyozi, cha shemeji kinaelekea barabara.

— Mimi pilipili haijawahi kuniwasha, alianza Spana, fundi wa magari. Ukizoea kushika injini ya moto, mwili wote unakuwa sugu.

— Kwani unaishika kwa ulimi, mjomba?

— Tatizo ni mtwangaji, alisema Fundi Viatu, msumari ukiwa bado mdomoni. Ukali unatoka moyoni. Mama yako mpole. Hata kuku akimfukuza anamwambia samahani. Atatoa wapi ukali?

— Shemeji yangu je! Spana alidakia. Akiita mtoto, mtaa mzima unaitika. Sauti nzito, pilipili nzito.

— Kwa hiyo mwanamke mpole anatwanga sukari? Hoja alisimama, mikono kiunoni. Hiyo ni dharau, wajomba! Pilipili haijui nani ana sauti!

— Inajua, alisema Kinyozi kwa upole wa daktari. Tena inatambua waongo. Mkweli haimwashi kabisa. Tazama.

Akachota kidole kizima kutoka kila kisahani, akatia mdomoni. Upara wake ukaanza kutoa jasho.

— Imekuwasha?

— Wapi! Nimekumbuka msiba.

— Msiba wa nani?

— Bado sijaamua.

Akanywa kahawa ya moto kuuzima ule moto, akatoa sauti kama breki za lori. Fundi akaonja kimoja kimoja, akautema msumari. Spana akaonja vyote viwili kwa mpigo, kikohozi kikamkunja. Akakidaka kiti asianguke, kiti kikalia kwiii, wakazunguka pamoja kama wanacheza harusi. Hoja hakugeuka hata kidogo. Alikuwa amemkazia macho Kinyozi.

— Unalia, kaka! Kubali!

— Na wewe mbona huonji? Au unauogopa unga wa mama yako?

Hilo lilimchoma. Akageuka, akachota huku, akachota kule, akatia vyote mdomoni. Alitafuta ladha ya nyumbani, akakuta moto tu. Machozi hayo. Lakini hakukaa.

— Mimi nimekubali inawasha! Nanyi semeni! Kisahani kipi kimewazidi?

Wanaume wakatazamana, pua zinachuruzika. Mwishowe Fundi akanyoosha kidole, Kinyozi akafuata, Spana, aliyekuwa akimwita marehemu bibi yake, akaelekeza palepale.

— Hiki. Hiki ni cha kuzimu.

Mama wa mkahawa akavuka barabara, anafuta mikono kwenye aproni.

— Mmekata shauri?

— Tumekata! Hiki, wote kwa sauti moja!

— Haya. Cha nani?

Hoja akatabasamu, akautafuta mlango wa kinyozi. Kisahani kimoja kilielekea kibanda cha viatu. Cha pili kilielekea nguzo ya umeme. Mlango haukuelekewa na kitu.

Wote wakamtazama Spana. Spana akatazama mawingu.

— Si mwonje tena kutoka kwenye makopo? mama wa mkahawa aliuliza.

— Kwa ulimi gani, dada? Fundi alinong'ona.

Hoja akafungua kinywa atoe hoja. Ikatoka kwikwi.

— Ngojeni, mimi nakumbuka, alisema Spana. Kilikuwa hivi.

— Usiguse!

Kwiii.

Mama wa mkahawa alikitazama kiti mpaka kiliposimama, kisha akageuka aende zake.

— Ndimi zikipona mniite. Na mtafute meza.