Mwaliko wa Waehnya

Leisale, nesi, alikuwa akielekea kazini kwa basi mjini Port Vila. Mbele yake kijana alikunja gazeti, akamwambia bibi aliyeketi kando yake, "Huu umoja wetu wa Melanesia kazi yake mikutano tu. Tumepata nini zaidi ya nyama ya kopo isiyolipiwa ushuru?"

"Ulikuwa hujazaliwa wewe," bibi alimjibu. "Mwaka themanini na nane viongozi walitia saini hapa hapa, sisi, Wapapua na Wasolomoni. Tulitaka na wenzetu Wakanaki, visiwa vya jirani vilivyo bado chini ya wakoloni, wajitawale. Mimi niliwapikia wageni laplap. Mkanaki mmoja, Waehnya, alikula huku machozi yanamtoka. Akaniambia, 'Dada, tukipata uhuru uje kwetu, nikupikie mimi.'"

"Ukaenda?"

"Niende wapi? Uhuru wenyewe bado."

"Si ndicho ninachosema, bibi!"

"Hujasema kitu. Gauni la safari ninalo, kila Krismasi nalianika."

Leisale aliacha kujifanya anatazama dirishani. Basi likasimama hospitali, naye akashuka shingo upande, kwani kijana ndiyo kwanza alikuwa anauliza, kwa sauti ya chini, huyo Waehnya alikuwa mtu wa namna gani.