Pumba za Nzige Darini Mwetu

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu, naye apewe heshima kwa kuwa mimi Tabita nasimama mbele yenu nikiwa hai! Wengi mnanijua kama mama mapacha, mkulima wa kahawa hapa Mbozi. Lakini nilizaliwa Unamwanga, upande wa Tunduma, na yaliyotupata huko sijawahi kuyasimulia kanisani.

Nilikuwa binti wa kutosha kutwanga mwenyewe pale nzige walipopanda kutoka bonde la Rukwa. Watu wa rika langu mnakumbuka. Walipoondoka, mahindi yalikuwa mabua matupu. Serikali ikawaajiri wanaume kwenda kuwaua nzige wachanga kule Kamsamba kabla hawajaota mabawa, na baba yangu Yoeli akawa mmoja wao. Walichanganya pumba za mahindi na sumu, wakatia na sukari guru ili nzige wazipende, kisha wakazimwaga mahali wanapopita. Msimamizi aliwakataza kabisa wasichukue hata konzi moja.

Baba hakuwa mtu mbaya, ndugu zangu. Tulikuwa tumebakiwa na kipande cha ulezi nyuma ya nyumba, naye akaogopa nzige wasije wakakimaliza. Alipopata ruhusa ya kuja nyumbani, akaja na pumba zile katika kifuko, akazipandisha darini juu ya meko, mahali pakavu. Hakumwambia mtu yeyote. Aliona haya kwa kuwa amechukua kitu cha serikali, akawaza kwamba atazimwaga mwenyewe nzige wakionekana. Akarudi kazini.

Njaa ikatubana. Mama akavuka mpaka kwenda kwa wajomba kututafutia chakula, tukabaki na Bibi, yaani mama yake baba, mimi na mdogo wangu Amosi. Asubuhi moja Bibi alipanda darini kutafuta mbegu za maboga atukaangie, akakikuta kifuko. Wakati ule watu wengi walikuwa wanakula pumba, wala halikuwa jambo la kushangaza. Akaonja kwa ncha ya ulimi, akakuta utamu. Alishuka akicheka, akasema mwanawe ametuwekea akiba. Akapika uji. Yeye mwenyewe hakunywa, maana alitaka wajukuu zake tushibe.

Mimi nilikunywa kidogo, nikaenda kuchota maji. Amosi alimaliza chungu. Niliporudi nilimkuta amejikunja chini anatapika, na mimi mwenyewe tumbo lilikuwa limeanza kunikata kama kisu. Majirani wakatubeba kwa machila kwenda hospitali ya misheni. Amosi alikata roho njiani. Mimi nilifika, wakahangaika nami, na Mungu akanirudisha. Mganga wa hospitali alimwuliza Bibi tumekula nini. Akajibu, uji wa pumba. Akaulizwa pumba za wapi. Akasema ni za mwanangu, akiba ya nyumba. Hakujua zaidi ya hapo.

Sasa sikilizeni uchungu ulioongezwa juu ya uchungu. Msibani watu wakaanza kunong'ona. Bibi amepika, Bibi hakula, mjukuu amekufa. Mnajua neno lililofuata. Hata mama yangu, aliporudi kutoka ng'ambo, aliacha kula chochote kilichopita mikononi mwa Bibi. Wazee wa ukoo wakaamua kwamba mchawi hawezi kukaa na watoto, arudishwe kwa kaka zake huko ng'ambo na asionekane tena.

Na baba? Baba alikuja kuzika. Alipanda darini akakuta pumba zimepungua kifukoni, akaelewa. Akanyamaza. Yeye mwenyewe alinieleza baadaye kwamba kila alipofungua kinywa, aliona sura ya Amosi, na ulimi ukamkauka.

Siku ya Bibi kuondoka, alikuwa ameshafunga mkeka na kapu lake. Wazee walikaa uani, na mwinjilisti wetu alikuja kumwombea safari. Hakumlaumu mtu. Alimwomba Mungu amsaidie kila aliyebeba mzigo mzito kuliko nguvu zake autue. Kabla ya kusema amina, baba akasimama.

"Mama yangu hajamroga mtu," akasema. "Zile pumba ni sumu ya nzige. Nilizileta mimi, nikazificha, sikusema."

Bibi akaketi chini polepole, kapu lingali mkononi.

"Yoeli, mwanangu," akasema, "ungeniambia tu."

Hakumlaani wala hakusema zaidi. Mama yangu alikwenda akapiga magoti, akamshika Bibi miguu, wakalia pamoja. Bibi hakuondoka. Mungu aliitoa nyumba yetu katika kifungo cha kuitana wachawi, na kwa hilo namtukuza hata leo. Lakini Bibi hakuwapikia watoto tena mpaka alipokufa. Alikuwa akifika jikoni, anatazama meko, anatoka.

Baba alikwenda kujieleza kwa msimamizi, akafukuzwa kazi. Alichimba shimo mbali na kisima, akafukia kifuko pamoja na kile chungu. Tangu hapo mafuta ya taa na dawa ya kuogeshea ng'ombe vilikaa katika sanduku lenye kufuli, nje ya nyumba ya kulala, nasi sote, mpaka wadogo kabisa, tuliambiwa kilichomo.

Ndugu zangu, sasa tuna dawa za kahawa majumbani mwetu. Nimeziona chini ya vitanda. Nimeona mafuta ya taa katika chupa iliyokuwa ya asali. Mama wa nyumba anajua, lakini mama mkwe aliyekuja jana kutembea hajui, na mtoto hajui. Tunasema tunamtumaini Mungu. Mtumainini, naye hatawaacha, lakini usimfiche mwenzako kitu kinachoweza kumwua.

Namshukuru Bwana aliyenibakiza, na aliyemfungua baba ulimi. Ila ulifunguka Amosi akiwa ameshazikwa. Wewe watoto wako bado wanacheza uani. Tukitoka hapa, nenda nyumbani ukaseme.